Kabla hujampeleka Santorini, mpeleke Runyenjes

Najua umeiona ile video. Dem amevaa nguo nyeupe, upepo unacheza na nywele zake, nyuma yake kuna nyumba nyeupe na makanisa yenye kuba za buluu yaliyoning'inia juu ya bahari. Chali yake amemshika kiuno. Leo wako Naples, kesho Malta, kesho kutwa kisiwa kingine cha Ugiriki. Ni safari ya meli ya kitalii kwenye bahari ya Mediterania, wawili tu na maji. Mpenzi wako amekutumia hiyo video saa tano usiku, na chini yake ameandika, "Sisi ni lini?"

Na wewe uko Dallas pale Embu, ama Makutano pale Meru, unaangalia salio la M-Pesa na kujiambia, "Hii sasa ni vita."

Wacha nikwambie maoni yangu, na kama unataka kunirushia mawe subiri umalize kusoma kwanza. Wapenzi wa Meru na Embu hawana shida ya kukosa meli. Shida yetu ni kwamba hatusafiri pamoja hata kidogo. Tunaanza na chipsi na kuku Jumamosi jioni, tunaongeza sinema kwa laptopu ya rafiki, halafu ghafla mtu amehamisha godoro na sufuria, tayari ni njoo-tukae. Katikati hapo hakuna siku hata moja ambayo mmeshinda barabarani mkiwa mmechoka, mna njaa, na pesa ni kidogo. Kisha tunashangaa kwa nini miezi sita baadaye watu wanagawana sahani.

Kwa hivyo kabla ya Santorini, mpeleke Runyenjes. Siongei hivyo kwa sababu ya ufukara. Nina sababu zangu, na nitazipanga moja baada ya nyingine.

Meli yenyewe iko hivi

Kwanza tuheshimu kitu tunachokiota kwa kukijua. Meli ya kitalii ni hoteli inayoelea. Mnalala, mnakula, mnacheza muziki, na mkiamka mko bandari nyingine. Njia ya upande wa magharibi hupita miji kama Barcelona, Marseille, Genova, Civitavecchia, Naples na Palermo. Ya mashariki huanzia mara nyingi Piraeus, bandari ya Athens, kisha Mykonos, Santorini na hata Kuşadası kule Uturuki. Safari nyingi ni za usiku saba hivi.

Lakini angalia saa. Meli hutia nanga asubuhi na kung'oa jioni. Ukiambiwa umefika Roma, ujue umeshuka Civitavecchia, na kutoka hapo hadi Roma ni kama saa moja ya treni. Utaenda, utapiga picha, utarudi mbio kama mtu anayekimbilia mathree ya mwisho, kwa sababu meli haingojei mtu. Santorini nako meli kubwa hazifungwi gatini. Zinasimama majini, mnapakiwa kwenye vimashua hadi bandari ya zamani, halafu mnapanda juu kwa gari la waya, kwa ngazi, ama kwa punda. Ndiyo, punda. Ile video haikuonyesha foleni.

Na wenyeji wa huko nao wamechoka. Venice ilizizuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko kuanzia Agosti 2021. Ugiriki, tangu Julai 2025, inatoza kila abiria euro 20 anaposhuka Santorini ama Mykonos wakati wa msimu wenyewe. Barcelona ilikubaliana na mamlaka ya bandari yake, Julai 2025, kupunguza vituo vya meli za kitalii kutoka saba hadi vitano ifikapo 2030. Yaani wewe unakopa ili uende mahali ambapo mwenye nyumba anatafuta njia ya kukupunguza.

Sisemi safari hiyo ni mbaya. Nasema ijue kwa ukweli wake, usiijue kwa sekunde 15 za video na wimbo wa mapenzi nyuma.

Hesabu isiyohitaji digrii

Digrii sina, niliachia chuo njiani, lakini hesabu hii hata wa gredi ya sita anaiweza. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 tarehe 11 Juni 2024. Tukichukulia euro moja ni Sh150, hiyo ni Sh13,500 kwa mtu mmoja na Sh27,000 kwa nyinyi wawili. Ukinyimwa viza, hizo pesa hazirudi. Bado hujalipia kituo kinachopokea maombi, bado hujalipia nauli ya Nairobi kwenda kupigwa alama za vidole, na bado hujanunua bima ya matibabu ya safari, ambayo lazima iwe ya angalau euro 30,000.

Halafu kuna kitu hawakwambii kwenye video. Kila mmoja wenu anaomba viza kivyake. Mapenzi si stakabadhi. Ofisa anataka kuona taarifa yako ya benki, kazi yako, na sababu ya wewe kurudi nyumbani. Anaweza kumpa mmoja na kumnyima mwingine. Hapo sasa utaona mapenzi yakipigwa mtihani bila hata kuonja maji ya chumvi. Na meli ikitoka Ugiriki ikaingia Uturuki kisha ikarudi, mmetoka Schengen na mnaingia tena, kwa hivyo viza ya kuingia mara moja haiwatoshi.

Baada ya hayo yote ndipo unaanza kuhesabu tiketi ya ndege, kabini, na bahashishi za wahudumu ambazo kampuni nyingi huongeza kwenye bili kwa kila siku.

Kama unazo pesa, enda, na uniletee hata kikombe. Ninayemwogopea ni yule anayetaka kuzipata kwa mkopo wa simu. Tangu Fuliza ije mwaka wa 2019, kizazi chetu kimezoea kutumia pesa ambayo haijaingia. Ni sawa ukikwama nauli ama unga. Lakini mkopo wa kununua picha ni kitu kingine. Picha itapata moyo mwekundu kwa siku mbili, halafu wewe utapata jumbe za kukumbushwa deni mwaka mzima. Na deni likiingia kwenye uhusiano hulala katikati yenu kitandani. Mnaanza kuulizana nani alisema twende. Yule aliyesema "Sisi ni lini?" anageuka kuwa mshtakiwa.

Mwanamfalme alikuja kwetu

Sasa ukidhani kuzunguka hapa nyumbani ni mapenzi ya watu waliofilisika, kumbuka Oktoba 2010. Mwanamfalme William wa Uingereza alikuwa na uwezo wa kumpeleka Kate Middleton kisiwa chochote cha Mediterania alichokitaka. Alimleta Kenya. Alizunguka na pete ya mamake, Diana, ndani ya begi la mgongoni kwa karibu wiki tatu, kisha akamchumbia kwenye kibanda cha mbao kando ya Ziwa Rutundu, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Baridi, samaki, moto wa kuni, na ziwa. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Aprili 2011, wakafunga ndoa.

Mtu mwenye dunia nzima mkononi alichagua mlima ambao wewe unauona ukienda kuchota maji. Halafu wewe unaniambia hapa hakuna kitu.

Bandari zetu ni hizi

Ukifikiria vizuri, raha ya safari ya meli ni moja: kila siku mnaamka mahali papya, lakini nyinyi ni wale wale wawili, chumba kimoja, mfuko mmoja. Hiyo raha unaweza kuipata kwenye barabara ya Embu hadi Meru. Ni kilomita zisizofika 150, lakini kila mto ni bahari yake na kila mji ni bandari yake. Chukueni siku tatu ama nne. Panda mathree, shuka, lala, panda nyingine.

Anzia Embu mjini. Nendeni maporomoko ya Ndunda asubuhi, kabla vijana wa kupiga picha hawajajaa. Kama mna siku ya ziada teremkeni Mbeere hadi kwenye mabwawa ya Mto Tana. Ukitaka maji ya kukutisha, simama kando ya Masinga, bwawa lililokamilika mwaka wa 1981, uone ng'ambo ilivyo mbali. Kutoka hapo maji yaleyale yanapita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mitambo mitano inayokupa stima ya kuchaji simu unayotumia kutamani Ugiriki. Na kandokando ya Kamburu kuna hifadhi ya wanyama ya Mwea, iliyo ndani ya kaunti ya Embu ingawa jina linawachanganya wengi. Viboko wako, ndege wako, na watu ni wachache.

Kisha Runyenjes. Hapa ndipo ninapotaka mkae chini mkaongee, kwa sababu karibu na hapa ndipo kuna kichaka cha Mwenendega, na simulizi yake ni ya wapenzi wawili na maji.

Wazee wa Kiembu huisimulia kwa namna tofauti, lakini mfupa wake ni huu. Mwenendega alikutana na msichana mrembo kupita kiasi kwenye kidimbwi cha mto. Msichana akakubali kuolewa kwa sharti moja, asitukanwe kamwe. Mwenendega akaapa. Wakatajirika, mifugo ikajaa boma. Siku moja kwenye sherehe, pombe ikiwa imemwingia, akakivunja kiapo na kumtusi mkewe mbele za watu. Usiku huo mvua ikanyesha ambayo haijawahi kuonekana, mafuriko yakalimeza boma lote. Walionusurika ni watoto wawili, na kutoka kwao ndiko Waembu wanasema walitoka.

Sasa niambie, ni kisiwa gani cha Ugiriki kitakupa mada kama hiyo? Mkiwa mmekaa hapo, muulize mwenzako swali moja: ni neno gani nikikutamkia mbele za watu, boma letu litazama? Jibu atakalokupa lina thamani kuliko pete.

Kutoka Runyenjes mnavuka mto Thuci na kuingia Tharaka-Nithi. Pitieni Chuka, kuleni chakula cha mchana. Halafu mnakuja Daraja la Nithi, na hapa nawaomba mzingatie. Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni hapo na zaidi ya watu 30 wakafa, na haikuwa ajali ya kwanza. Pitieni mchana. Pandeni gari ambalo dereva wake hana haraka ya kufa. Akizidisha mwendo, ongea. Na umwangalie mwenzako: je, ataongea pamoja nawe, ama atakunyamazisha ati unamwaibisha mbele ya abiria? Hapo utakuwa umejua kitu.

Chogoria ni lango la mlima. Njia ya Chogoria ndiyo wapanda mlima wengi huisifu kwa uzuri, na juu kule kuna Ziwa Ellis na bonde la Gorges na Ziwa Michaelson chini yake. Kupanda hadi Lenana, mita 4,985, kunahitaji mwelekezi, nguo za maana na pesa zake, kwa hivyo hiyo iwekeni ya mwaka ujao. Lakini lala Chogoria usiku mmoja tu, amka saa kumi na mbili, toka nje na blanketi moja nyinyi wawili, mwone jua likipiga vilele. Hamtalipa hata shilingi.

Kati ya Nkubu na Meru mjini mnavuka ikweta. Mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Watu wanatoka Japani kuja kupiga picha kwenye mstari kama huo, na wewe kila siku unaupita umelala kwenye kiti cha nyuma.

Meru mjini ingieni makavazi. Yako ndani ya jengo la kale la utawala wa kikoloni, na humo mtasoma habari za Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo lilikuwa likiamua kesi kabla wakili wa kwanza hajazaliwa huku. Halafu chukueni boda hadi Ziwa Nkunga, ziwa la kreta lililofichwa msituni. Simulizi inasema kulikuwa na joka humo. Mie napenda ziwa lenye joka kuliko lenye kibanda cha kuuza barafu kwa euro sita.

Kama bado mna nguvu na pesa, malizieni Maua na mbuga ya kitaifa ya Meru kupitia lango la Murera. Ada hulipwa kwa eCitizen, ziangalieni mapema, na mtafute wapenzi wengine wawili watatu mchangie gari, maana ndani hamtembei kwa miguu. Humo ndimo lilimo kaburi la Elsa, yule simba aliyelelewa na Joy na George Adamson kisha akarudishwa porini. Kitabu cha Joy, *Born Free*, kilitoka mwaka wa 1960, na Elsa akafa Januari 1961. Sehemu ya majivu ya Joy mwenyewe iko hapo. Lakini wapenzi, someni hadithi yote. Joy na George walipenda simba mmoja, wakazunguka nyika moja, na bado mwishowe wakaishi mbalimbali, yeye Naivasha na mzee Kora ng'ambo ya Tana. Kupenda vitu vilevile hakutoshi. Lazima pia muweze kukaa kwenye hema moja.

Na kisiwa? Kisiwa tunacho

Nasikia mtu akisema, sawa buda, lakini mimi nilitaka bahari na visiwa. Haya, wewe Mmeru, nenda kaulize nyanyako mlitoka wapi. Atakwambia Mbwaa. Simulizi ya Wameru inasema walikuwa kisiwani, chini ya watu waliowaita Nguu Ntuune, wa nguo nyekundu, wakatoroka wakiongozwa na Koomenjwe, maji yakawapisha. Baadhi ya wanahistoria huelekeza kidole kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Kama kuna kabila la milimani lenye haki ya kudai kisiwa, ni nyinyi.

Basi safari ya pili, mkishajaribu ya kwanza, iwe hiyo. Treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500 daraja la kawaida tangu Januari 2024. Mombasa kuna Fort Jesus, ngome ya mwaka wa 1593. Kivuko cha Likoni mwenda kwa miguu halipi kitu, na hiyo ni meli, usibishe. Njiani kuelekea Malindi kuna magofu ya Gede, yaliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2024. Kisha basi hadi Mokowe, boti hadi Lamu. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha hiyo tangu 2001. Na kumbuka, kule pia mtabebwa na punda. Santorini imekuja yenyewe.

Mambo ambayo video haionyeshi

Sasa tuongee kiukweli, wewe na mimi.

Kwanza, pesa. Kaeni chini kabla ya safari mseme kila mtu anatoa ngapi. Hii tabia ya chali kulipa kila kitu halafu akidai kila kitu, tuiache. Na hii ya dem kusema "nitakutumia baadaye" na baadaye haifiki, tuiache pia. Wekeni kikomo, kwa mfano Sh15,000 kwa wawili, mkiishiwa mnarudi nyumbani. Mtu asiyeweza kuongea nawe kuhusu elfu kumi na tano hataweza kuongea nawe kuhusu kodi ya nyumba, karo, ama bili ya hospitali ya mamake.

Pili, macho ya watu. Mkifika gesti, wa mapokezi atawatazama kama mmeiba kuku wa kanisa. Huku kwetu tunajuana, na pengine yeye ni binamu ya mwalimu wako wa Jumapili. Kama mnaona ni makosa kulala chumba kimoja kabla ya ndoa, chukueni viwili, ama msafiri na marafiki, ama muanze asubuhi na kurudi jioni. Safari inabaki safari. Kwanza kuna faida: ukimpitisha kwa shangazi yako Nkubu mkanywe chai, utaona anavyosalimia watu wazima, na shangazi ataona usichoona wewe.

Tatu, na hili nawaambia wasichana kwanza, usalama. Januari 2024 tulizika wanawake waliouawa kwenye vyumba vya kukodisha, na tarehe 27 mwezi huo watu wakajaa barabarani Nairobi na miji mingine kusema imetosha. Kwa hivyo safari yenu isiwe siri kwa kila mtu. Rafiki mmoja ajue mko wapi, mmelala wapi, na mnarudi lini. Kuwa na nauli yako ya kurudi, kwenye laini yako, ambayo yeye haijui na haigusi. Na wewe chali, ukisikia mpenzi wako ametuma jina la hoteli kwa dadake, usinune. Mtu mwenye nia njema hapotezi chochote akijulikana aliko. Akinuna, dada, hiyo nauli itumie siku hiyohiyo.

Ndiyo maana nasema safari fupi ya bei ya chini ni bora kama mwanzo. Kwenye meli katikati ya bahari huwezi kumwambia nahodha, "Shukisha hapa." Kwenye barabara ya Meru unaweza. Ukigundua Chuka kwamba huyu mtu anakuaibisha mbele za watu, gonga bodi, shuka, vuka barabara, panda ya kurudi. Umepoteza nauli, umeokoa miaka.

Lakini usiache kuota

Kuna atakayesema ninawaua ndoto vijana wa mlimani, ati Mediterania ni ya wengine. Hapana. Miraa ya Meru ilikuwa ikipanda ndege kwenda Amsterdam na London miaka nenda miaka rudi kabla Uholanzi haijaipiga marufuku mwaka wa 2013 na Uingereza Juni 2014. Kama jani la Igembe lilifika Ulaya, wewe pia utafika. Ila jani lenyewe sasa liache nyumbani, lisikufungishe safari uwanjani.

Ninachokataa ni kuanza mwisho. Anayetaka meli afungue akaunti ya akiba isiyoguswa, nyinyi wawili mweke kidogo kila mwezi, hata ikichukua miaka minne. Kisha katika miaka hiyo minne mzunguke. Mwaka huu Embu hadi Meru. Mwaka ujao Lamu. Wa tatu mlima. Mkifika wa nne mtakuwa mnajua nani hukoroma, nani hukasirika akiwa na njaa, nani husahau kitambulisho, nani huhesabu chenji, na nani hukushika mkono gari likiyumba Nithi. Hapo hata ofisa wa viza atawaangalia tofauti, kwa sababu mtakuwa na kazi, na akiba, na sababu ya kurudi.

Na kama katikati mtaachana, pia ni sawa. Afadhali muachane stendi ya Runyenjes mkiwa na mia tano kila mmoja kuliko kuachana Piraeus mkiwa na deni la nusu milioni.

Kwa hivyo leo usiku akikutumia tena ile video na kuuliza "Sisi ni lini?", usijibu kwa emoji ya kucheka. Mwandikie tarehe. Mwambie Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa moja asubuhi, stendi ya Embu, abebe sweta na nusu ya pesa. Akicheka akakataa, umejua. Akiuliza kama Runyenjes kuna mandazi, huyo usimwachilie.